Frais Mara Kumi na Moja

Asubuhi ya Jumatatu, kabla mlinzi hajafungua mlango wa mbele, msimamizi wa tawi, Pierre, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Gérant, aliwakusanya wahudumu wake wa kaunta akawamwagia siri ya benki. Siri yenyewe haikuwa ndefu: riba haiwalishi.

"Mu Kisangani hii nani anakopa?" aliuliza huku akipandisha suruali. "Watu wanaleta franga asubuhi, magaribi wanatoa yote. Tutakopesha nini, upepo? Donc, kitu inatulisha njo frais. Frais ya konti, frais ya carte, frais ya SMS. Intérêt iko chumvi tu. Frais njo nyama."

Makao makuu ya Kinshasa yalikuwa yamekata shauri. Kila mhudumu alete ada mpya, hizo frais, za dola mia mbili kwa mwezi, yaani wateja arobaini wa Pack Karibu, kifurushi cha akaunti, kadi na SMS, dola tano kila kichwa. Mwisho ni Ijumaa. Na Ijumaa hiyohiyo, lo, ndiyo siku mikataba ya kazi ya wahudumu, ya miezi sita, ilipokuwa inaisha. Gérant alimtazama tu Odile, mmoja wa wahudumu hao, akatabasamu lile tabasamu la mtu mwenye kalamu.

Odile alikuwa na wateja wanne. Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni Amuri, mume wake, fundi pikipiki ambaye wateja wake wote walikuwa jamaa, na jamaa hulipa kwa baraka. Wa tatu ni mchungaji mmoja aliyesaini ili aachwe aende zake. Wa nne ni mama mkwe, Mama Rachida, muuza samaki wa soko la Mangobo. Wote, isipokuwa mchungaji, walikaa nyumba moja ya kupanga, na kodi yake ilitoka katika mshahara wa Odile. Mshahara ukikatika, mwenye nyumba hatakubali baraka.

Siku nzima alijaribu. Alimbembeleza mwanafunzi, akambembeleza askari, akambembeleza bwana mmoja aliyeingia kujikinga na mvua. Mwanafunzi akauliza kama pack inaliwa. Askari akasema yeye hukata watu, hakatwi. Yule wa mvua akasikiliza kwa adabu mpaka mvua ikakatika, naye akakatika nayo.

Alipofika nyumbani bado kulikuwa na jua. Aliwakuta majirani wamejaa uani, na katikati yao Mama Rachida, mwanamke wa miaka sitini na kitu na mwili wake wote, akicheza na karatasi mkononi.

"Mama Nyota!" alimwita Odile kwa jina la mtoto wake, kama alivyomwita siku zote. "Kuya uone! Banki yako iko na akili! Inanijua!"

"Inakujua namna gani, mama bokilo?"

Bokilo ni mkwe, na Odile hakuwahi kumtaja mama huyo bila neno hilo. Mama Rachida akamnyooshea karatasi. Ilikuwa taarifa ya akaunti yake, aliyochapishiwa mchana huo na Joëlle wa kaunta ya pili, Odile alipotoka kula.

"Soma hapa. Na hapa. Na hapa. Nimehesabu mara kumi na moja!"

Kwanza lazima mjue jambo moja kuhusu mama huyu. Alikuwa msomi. Alihitimu msahafu akiwa na miaka tisa, na herufi za Kiarabu alizisoma mbio. Herufi za Kifaransa ndizo hazikumjua wala yeye hakuzijua. Karatasi za shule za watoto zilikuwa kazi ya marehemu mumewe. Neno moja tu la Kifaransa alilitambua kwa sura, kama unavyotambua uso wa jirani. Amuri alimwandikia kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa meza yake sokoni, herufi kubwa tano, ili wateja wajue kwamba kapitene na mboto wa Mama Rachida wametoka mtoni asubuhi hiyo, si wa juzi, si wa moshi. Neno hilo lilikuwa FRAIS.

"Wameandika samaki yangu iko frais," alisema mama, na machozi ya furaha yalikuwa karibu. "Mara kumi na moja! Miaka tisa niko nauzisha mu soko hii, hakuna serikali, hakuna mairie ya muji, hakuna mutu aliandika vile. Na kila mwezi wananitumia salamu mu telefone. Mi nawajibu: asante sana, na nyie pia."

Odile alifungua mdomo. Akakumbuka siku ya kumfungulia akaunti, miezi mitatu nyuma, alipomsomea fomu upesiupesi: frais ya hiki, frais ya kile. Mama alikuwa akitikisa kichwa na kutabasamu kila alipolisikia neno lile, naye Odile akajisemea, mteja mzuri huyu, hana maswali. Kumbe! Kicheko kilimpanda mpaka kooni, na nyuma ya kicheko ilikuja aibu, vyote viwili vikagombea mlango mmoja.

"Mama bokilo," alianza, "ile frais..."

"Nimeonyesha soko nzima," mama alisema. "Nimeonyesha imamu. Kesho wamama wote wa samaki wanakuya kwako, thelathini na sita. Na wao wanataka kuandikwa frais."

Thelathini na sita. Odile alipiga hesabu bila kutaka. Thelathini na sita na wanne. Mdomo wake ulijifunga wenyewe.

*

Wakaja kweli, tena wakaja kwa kuimba. Walishuka kwenye toleka, baiskeli za abiria, wawili kwa baiskeli moja na beseni kichwani, wakajipanga mlangoni na vitenge vyao vya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Mlinzi aliona mabeseni akauliza kama kuna msiba. Harufu ya mto iliingia benki ikakaa kwenye viti vya wageni. Mteja mmoja mwenye tai alihamia kaunta ya mwisho, akafuatwa na inzi wawili.

"Moja moja, wamama!" Odile aliomba. "Mwenye carte d'électeur, ile ya kupigia kura, ashike mkononi."

Kulikuwa na ugomvi mdogo. Mama Ramla, muuza samaki wa moshi, alizuiwa kwenye foleni na wenzake waliosema kwamba yeye hana haki, benki hii ni ya frais. Ramla akaweka mikono kiunoni. "Mbele ya kuingia mu moshi, samaki yangu haikukuwa frais? Ilizaliwa na moshi?" Ikabidi Mama Rachida, aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka cha Joëlle kama mwenyekiti wa kikao, atoe hukumu: Ramla aandikwe, lakini aandikwe mwisho.

Gérant alitoka ofisini kwake, akarudi, akatoka tena. Alikuwa akisugua viganja. "Odile, Odile, weye njo benki! Wengine tuko tu meza na kiti!"

Odile alijaza fomu thelathini na sita mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Kila mama alikuja na pesa yake imefungwa kwenye ncha ya kitenge: dola ishirini, kumi na tano, mmoja dola nane na faranga za Kongo zenye magamba. Alipofika Ramla, wa mwisho, aliinama kwenye kioo akauliza kwa sauti ya chini, asije akasikika na wenzake:

"Mama Nyota, na miye watanitiaka frais mara ngapi?"

Odile alimwangalia. Alimpenda mama yule ghafla, kwa nguvu, pamoja na harufu yake ya moshi.

"Mara mingi, mama," alisema. "Mara mingi sana."

"Mungu akubariki," Ramla alimwambia.

Baraka ile ilimchoma. Fomu zilikuwa zimejazwa, lakini hakuna hata moja iliyoingizwa kwenye kompyuta. Palibaki kubonyeza kitufe, mara thelathini na sita. Odile aliweka kidole juu ya kitufe. Akakitoa. Akakirudisha. Halafu akazifungia fomu na pesa zile kwenye droo ya kaunta yake, akamwambia Gérant mtandao unasuasua, ataingiza kesho. Mtandao siku hiyo ulikuwa ukienda kama maji ya maporomoko.

*

"Usimwambie mama," Amuri alimsihi nyuma ya nyumba, mikono ikiwa na oili mpaka kwenye viwiko. "Ijumaa usaini kwanza. Jumamosi umwambie."

"Na Jumamosi watakuwa wamekatwa."

"Dola tano tu."

"Yule wa dola nane, dola kumi zinamkatika siku ya kwanza: tano za kufungua, tano za mwezi. Atakuwa na deni kwa banki, Amuri! Amekuja kuweka franga, anatoka na deni!"

Amuri alijikuna, akaacha oili puani. Odile akacheka. Wiki ile alicheka kila alipotaka kulia, ndivyo alivyoumbwa. Akaingia ndani, akamkuta mama mkwe anaponda lituma, ndizi za kuchemsha, na karatasi yake imevishwa plastiki, imeegemezwa ukutani mahali pa picha ya marehemu.

"Mama bokilo, nikuombe pardon. Ile neno si samaki."

Mchi ukasimama.

"Ni nini?"

"Ni franga banki inakata. Kifaransa iko na maneno mbili ya kufanana. Moja njo ya samaki. Ingine njo hii."

Mama Rachida aliitazama plastiki. "Nilionyesha imamu," alisema polepole. Baadaye kidogo: "Alisema mashallah."

Odile alipiga magoti kabisa, akakamata mkono wa mama wenye ndizi za kupondwa. Lakini Mama Rachida alikuwa mfanyabiashara kabla hajawa mtu wa kuaibika, akautoa mkono wake na kuonyesha karatasi kwa mchi.

"Nisomee moja moja. Hii?"

"Ya kufungua konti. Dola tano."

"Na hii?"

"Ya kutunza konti. Dola tatu, kila mwezi."

"Wanaipatia chakula? Bon. Na hii?"

"Ya carte. Dola moja."

"Carte gani?"

"Ile unafungia mlango wa banda la kuku."

"Aa, ile iko muzuri. Na hii?"

"Ya SMS."

"SMS ya kuniambia nini?"

"Ya kukuambia wamekukata franga."

Mama Rachida aliweka mchi chini. "Ngoja. Wananikata franga... juu ya kuniambia... kama wamenikata franga?"

"Ndiyo, mama bokilo."

"Na miye nawajibu asante!"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Kilianza tumboni mwa mama, kikapanda mabegani, kikafika kwa Odile, na kabla Amuri hajaingia kuuliza nani amekufa, wanawake wawili walikuwa wameegemeana juu ya kinu wakilia kwa kucheka. "Na ya kumi na moja?" mama aliuliza akipata pumzi. "Hii ya chini?"

"Ya kuchapisha hii karatasi!"

Wakaanza upya.

Walipotulia, mama alihesabu kwa vidole. Aliweka dola sitini, akakatwa ishirini na mbili, na sanduku la barafu aliloliwekea akiba lilikuwa limerudi nyuma. Wahenga husema haba na haba hujaza kibaba. Hao hao wakasema bandu bandu huisha gogo. Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na uso uliobaki ulikuwa wa sokoni.

"Sasa weye niambie kweli. Tusipoingia, kazi yako inakwisha?"

"Ijumaa."

"Na nyumba?"

Odile aliinama kuokota maganda ya ndizi.

"Bon," mama alisema, akaushika tena mchi. "Kesho nitaongea na ule kijana."

*

Ule kijana alikuwa na miaka hamsini na moja. Jumatano asubuhi Odile alimwambia yeye mwenyewe kwamba fomu hazitaingia, na kwa nini. Gérant akawa mwekundu kadiri mtu mweusi anavyoweza. "Umewaambia nini? Odile! Nani anakulipa, miye ao soko?" Akamwita mjinga mbele ya Joëlle na mbele ya mteja mwenye tai. Akamwambia aanze kukusanya vitu vyake. Odile alikusanya: kikombe, kalamu mbili, picha ya Nyota. Vyote vikaingia mkono mmoja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mlango ukafunguka, akaingia Mama Rachida bila kubisha, Ramla nyuma yake, na nyuma ya Ramla foleni mpaka barabarani.

"Monsieur Gérant, asubuhi njema. Tumekuja kuchukua franga yetu."

"Mama, tukae, tuongee..."

"Tukae." Akakaa. "Weye unatafuta dola mbili mia kwa mwezi. Mutoto yangu alinieleza. Ukitukata tano tano, mwezi ya kwanza unapata. Mwezi ya pili tunajua. Mwezi ya tatu hapa mutabaki na inzi. Mi nasema uongo?"

Gérant alitazama inzi wa jana, ambao hawakuwa wameondoka.

"Sasa sikia biashara. Samaki yetu inatoka Isangi. Franga tunatuma kwa mikono ya watu wa baleinière, zile mashua za mbao. Wao wanakula moja juu ya kumi, na siku mtumbwi inapinduka, wanasema franga ilijua kuogelea. Banki iko na wakala Isangi, kweli ao uongo?"

"Kweli."

"Sisi wote tufungue konti moja, kama likelemba yetu, ile ya kuchangiana. Ile ya kutunza konti, ukate mara moja tu. SMS hatutaki, tuko na midomo. Tukituma franga Isangi, ukate dola moja. Kila mama anatuma mara mbili kwa juma. Hesabu."

Gérant alivuta kikokotoo. Thelathini na sita mara nane. Aliangalia, akafuta, akapiga tena, akafuta, akaomba cha Joëlle. Cha Joëlle nacho kikasema mia mbili themanini na nane.

"Kila mwezi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Samaki inakuya kila mwezi," Ramla alimwambia. "Hata ya moshi."

"Ila," Mama Rachida aliongeza, "sisi tunaongea na Mama Nyota tu. Kaunta yake. Kama yeye haiko, hata sisi hatuko."

Odile alikuwa bado amesimama na kikombe. Gérant akamwona kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Wewe unaenda wapi na vyombo?" alifoka. "Weka chini! Kuna kazi!"

*

Mpaka Ijumaa saa nane mchana wamama walikuwa wametuma Isangi mara sitini na mbili. Kinshasa wakapiga simu kuuliza kama kuna kosa la mashine. Gérant akawaeleza, akisahau kidogo kutaja samaki, kwamba tawi lake limebuni mkakati wa kuleta dola mia mbili themanini na nane kwa mwezi. Alipokata simu alikuwa mtu mwepesi. Mkataba wa Odile ulikuwa mbele yake, mwaka mzima safari hii, kalamu juu yake, ila hakuusaini. Alipenda kushika kalamu. Alikuwa amemwagiza Mama Rachida kapitene mkubwa kwa ajili ya chakula cha wageni Jumamosi, na alitaka, alisema, kufanya mambo yote mazuri kwa wakati mmoja.

Mama akaingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa na karatasi iliyokunjwa. Karatasi aliiandika Odile jana yake kwa kuamriwa, akicheka mpaka mwandiko ukapinda. Gérant aliifungua, akasoma kwa sauti.

"Kapitene moja, faranga elfu makumi tatu. Frais ya kutunza samaki, elfu mbili. Frais ya kikapu, elfu moja. Frais ya kumupandisha toleka, elfu moja. Frais ya kukuambia kama samaki imefika, mia tano." Aliinua macho. "Lakini hamjaniambia!"

"Monsieur Gérant," alisema Mama Rachida, "samaki imefika."

Joëlle alijificha chini ya kaunta. Gérant aliendelea mpaka mstari wa chini kabisa. "Frais ya kuandika hii karatasi, elfu moja." Midomo ikamtetemeka, kitambi kikafuata, na ghafla mtu mzima alikuwa amelalia meza akipiga ngumi, akicheka mpaka tai ikaingia kwenye wino. Bado akicheka alisaini karatasi ya samaki, na kwa mkono uleule, bila kupumzika, akasaini ya Odile.

Odile aliuchukua mkataba kabla wino haujakauka. Alisoma jina lake, akasoma tarehe, akasoma tena jina lake. Nyumba ilikuwa yao mwaka mwingine. Akamtazama mama mkwe, naye mama akamkonyeza.

Gérant alihesabu noti zote, frais na samaki, akamkabidhi mama. Akajifuta macho. "Mama, mumenishinda. Lakini quand même, kwa bei hii, samaki yenyewe iko frais?"

Mama Rachida alifunga pesa kwenye ncha ya kitenge, mafundo mawili. Akafunua kitambaa, na harufu nzuri ya moshi wa Mama Ramla ikajaa benki nzima.

"Samaki iko ya moshi," alisema. "Frais iko mu karatasi."